Kingamwili zinapozima mazungumzo ya ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya, kuhusu ensefalitisi ya kinga (ubongo kuugua kwa sababu ya kingamwili za mwili wenyewe), ni kwa familia, wauguzi na matabibu wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani wanaokutana na mgonjwa aliyebadilika ghafla. Wiki mbili zilizopita alikuwa darasani au shambani. Leo hasemi, mdomo unachezacheza wenyewe, usiku halali, na degedege zimeanza. Hayachukui nafasi ya daktari, ila yanaweza kukusaidia kumuuliza daktari maswali yanayostahili kuulizwa mapema.

Kingamwili ni nini, na inakuwaje imgeukie mwenye mwili?

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y inayotengenezwa na jamii ya chembe nyeupe za damu. Ncha zake mbili hushika kitu cha aina moja tu, kama ufunguo na kufuli lake, na shina lake huita askari wengine wa mwili waje kumalizia kazi. Ndivyo chanjo ya surua inavyomlinda mtoto.

Shida huanza mwili unapotengeneza kingamwili dhidi ya sehemu yake wenyewe. Kwa ubongo, vyanzo viwili vinajulikana vizuri. Cha kwanza ni uvimbe wa ovari uitwao teratoma, ambao ndani yake huweza kuwa na nywele, meno, na hata tishu ya neva. Kinga huikuta tishu hiyo mahali isipotarajiwa, huiona ngeni, kisha kingamwili zilezile huushika ubongo. Cha pili ni virusi vya hepesi vinapoingia kwenye ubongo: vinavunja seli, vitu vilivyokuwa vimefichika vinaonekana na kinga, na wiki chache baadaye mgonjwa aliyekuwa anapona anaanza kuharibika upya. Katika utafiti mmoja uliofuatilia wagonjwa 51 wa hepesi ya ubongo, 14 walipatwa na hali hiyo. Wagonjwa wengine wengi hawana chanzo kinachoonekana, na hilo lisiwafanye ndugu watafute wa kulaumiwa.

Seli za neva huzungumzaje zikiwa na afya?

Kwa umeme na kemikali. Umeme hukimbia ndani ya seli hadi mwisho wa mkia wake, na hapo unakuta mwanya mdogo sana unaoitwa sinapsi. Seli inayotuma humwaga kemikali kwenye mwanya. Seli inayopokea ina vipokezi juu ya ngozi yake, yaani protini zilizo kama milango. Kemikali ikigusa, mlango unafunguka na chaji zinaingia.

Kemikali ya kuamsha ni glutameti. Ya kutuliza ni GABA. Ubongo wenye afya ni mizani ya hizo mbili.

Mlango mmoja wa glutameti tutautaja sana: kipokezi cha NMDA. Hauchezi ovyo. Unataka glutameti na glisini kwa pamoja, na unataka seli iwe tayari imeamka kidogo ili chembe ya magnesi iliyoziba tundu iondoke. Masharti yote yakitimia ndipo kalisi inapoingia, na kalisi hiyo ndiyo inayoiagiza sinapsi ijiimarishe. Kumbukumbu hujengwa hapo.

Kingamwili zinakatishaje mazungumzo hayo?

Hili ndilo swali kuu, kwa sababu njia inayotumika ndiyo inayoamua dawa na matumaini ya kupona. Tutumie mfano wa mlango.

Njia ya kwanza ni kung'oa mlango. Kingamwili ya NMDA hushika sehemu ya kipokezi iitwayo GluN1. Kwa kuwa ina ncha mbili, hukamata vipokezi viwili na kuvifunga pamoja. Vipokezi vilivyofungwa hivyo hupoteza mshikamano na protini jirani iitwayo EphB2 iliyokuwa imevishikilia kwenye sinapsi, vinateleza pembeni, halafu seli inavimeza. Seli iko hai, mkia wake uko sawa, sinapsi iko pale pale. Ila milango imepungua. Maabara zimeonyesha kwamba seli zikioshwa kingamwili, vipokezi hurudi juu ya ngozi ndani ya siku chache. Panya waliotiwa maji ya mgongo ya wagonjwa (maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo) kwa siku 14 walipoteza kumbukumbu, na walipoachwa bila kutiwa tena walirudi katika hali yao. Kingamwili za kipokezi cha AMPA, mlango mwingine wa glutameti, nazo huondoa vipokezi kwa namna inayofanana.

Njia ya pili ni kuzuia bawaba. LGI1 ni protini inayomwagwa kwenye mwanya na kuunganisha pande mbili za sinapsi, ADAM23 upande wa mtumaji na ADAM22 upande wa mpokeaji. Kingamwili zake nyingi ni za aina ya IgG4, ambazo haziiti askari na hazifungi vitu viwiliviwili. Zinaingia tu katikati na kuzuia kushikana. Matokeo yake njia za potasiamu zinazofanya kazi ya breki zinapungua, na seli inafyatuka hovyo.

Njia ya tatu ni kuukalia mlango bila kuung'oa. Kingamwili za kipokezi cha GABA-B hufanya hivyo. Mlango wa kutuliza upo lakini haufanyi kazi, ndiyo maana wagonjwa hao huja na degedege kali tangu mwanzo.

Ya nne ni kuichoma nyumba. Kingamwili dhidi ya AQP4 hushika seli za astrositi zinazolea neva, shina lake huita mfumo wa komplimenti, na komplimenti hutoboa seli hadi ife. Macho na uti wa mgongo ndivyo huumia zaidi. Hapa kuchelewa kwa siku chache kunaweza kuacha upofu.

Kuna kundi lililo nje ya mfano huu. Kingamwili za Hu na Yo hulenga vitu vilivyo ndani ya seli, ambako kingamwili haifiki kirahisi. Zinapoonekana ni kama king'ora tu: anayeua seli ni chembe nyeupe za aina ya T, na mara nyingi kuna saratani mahali fulani. Dawa za kuondoa kingamwili husaidia kidogo. Kinachotakiwa ni kuisaka saratani hiyo.

Kama mlango ulioondolewa ni wa kuamsha, kwa nini mgonjwa anachachamaa badala ya kulala?

Wauguzi wa chumba cha upasuaji wameshaliona jibu lake. Ketamini, dawa ya usingizi, huziba kipokezi hichohicho cha NMDA. Ikiwa kidogo, mgonjwa huona vitu, huongea maneno yasiyounganika, hupiga kelele. Ikiongezwa, anaganda, macho wazi, hajibu. Ugonjwa huu hufuata ngazi hiyohiyo taratibu kwa wiki kadhaa, kadiri vipokezi vinavyopungua.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vipokezi vya NMDA vipo pia kwenye seli zenye kazi ya kutuliza. Seli za kutuliza zikikosa amri ya kuamka, zile za kuamsha hubaki bila msimamizi.

Dalili hujipangaje?

Kwa aina ya NMDA, wengi huanza na homa na kichwa kuuma kama mafua ya kawaida. Baada ya siku chache hadi wiki mbili huja hofu, kukosa usingizi, kuamini mambo yasiyo ya kweli, kuacha chakula. Kisha maneno yanapungua hadi bubu, degedege, mdomo na ulimi kucheza, mikono kujikunja kwa namna ngeni. Mwisho presha na mapigo ya moyo hupanda na kushuka, jasho na mate hutoka kwa wingi, na pumzi inaweza kusimama. Wagonjwa wanne kati ya watano ni wanawake, na wengi ni vijana. Kwa watoto wadogo, degedege na miondoko ya ajabu huweza kutangulia tabia kubadilika.

Aina ya LGI1 humpata zaidi mtu wa miaka 60 kwenda juu. Mkono na upande mmoja wa uso hukakamaa kwa pamoja kwa sekunde chache, huachia, na hurudia mara nyingi kwa siku. Sodiamu katika damu hushuka. Mzee wa namna hiyo anayeangusha kikombe mara kwa mara na ameanza kusahau asiambiwe tu ni uzee. Mikakamao hiyo hukubali steroidi (dawa za kutuliza kinga) kuliko dawa za kifafa, na ikitulizwa mapema kumbukumbu huweza kunusurika.

Je, kila anayechanganyikiwa ghafla ana ugonjwa huu?

Hapana. Katika kundi moja la wagonjwa 571 wa NMDA, ni takriban 4% tu waliokuwa na dalili za akili peke yake. Kwa hiyo mtumishi wa hospitali ya akili ya Mirembe au wa kliniki ya akili ya wilaya hahitaji kumpima kila mtu. Atafute nyongeza: degedege, homa, mdomo kucheza, maneno kupotea, usingizi kuharibika kabisa, mapigo ya moyo yasiyotulia, au mgonjwa kukakamaa vibaya baada ya haloperidoli au dawa nyingine za magonjwa ya akili za jamii yake. Hiyo ya mwisho tunaisisitiza. Wagonjwa hawa huvumilia vibaya dawa hizo. Wanaweza kupata homa kali na misuli kuwa kama ubao. Kwa kumtuliza, diazepamu au lorazepamu ni salama zaidi, mradi pumzi inaangaliwa.

Kijijini tumeambiwa ni mashetani. Tufanyeje?

Maombi au ushauri wa wazee havimzuii mtu kufika hospitali, na hatuwaambii ndugu waache imani yao. Tunachoomba ni siku zisipotee, na mgonjwa asifungwe kamba, asipewe dawa ya kunywa wakati hajitambui kwa sababu itaingia mapafuni, wala asinyimwe maji. Akipata degedege mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimwekee kijiko mdomoni, na tazama saa. Ikizidi dakika 5, ni dharura.

Kabla ya kuwaza kingamwili, nini kiondolewe kwanza?

Hapa Kanda ya Kati magonjwa ya maambukizi ni mengi kuliko ugonjwa huu, na mengine yanaua ndani ya siku moja au mbili. Pima sukari papo hapo. Pima malaria, VVU, kaswende, na kwa mwenye VVU pima kriptokokasi, fangasi anayeshambulia ubongo. Fikiria kifua kikuu cha utando wa ubongo, hasa kama sukari ya maji ya mgongo iko chini sana. Katika ensefalitisi ya kinga sukari hiyo huwa ya kawaida. Maeneo ya wafugaji wa nguruwe, minyoo ya tegu kwenye ubongo nayo huleta degedege, na picha ya CT husaidia kuitofautisha.

Pale hepesi haijaondolewa, asiklovia, dawa ya virusi vya hepesi, ianze mara moja: miligramu 10 kwa kila kilo ya mtu mzima, kwa mshipa, kila saa 8. Kusubiri jibu ndipo uanze ni kosa.

Kutoa maji ya mgongo si ndiyo hupooza watu?

Hofu hii tunaielewa, na ndiyo inayochelewesha wagonjwa wengi. Uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ambako kuna nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji na husogea zikiguswa. Mwili una takriban mililita 150 za maji hayo na hutengeneza karibu 500 kwa siku, hivyo mililita 8 au 10 hurudi haraka. Kichwa kuuma baadaye ni jambo la kawaida na huisha. Wanaopooza au kufa baada ya kipimo, mara nyingi walikuwa wameletwa wakiwa mahututi kwa ugonjwa wenyewe. Tahadhari kubwa ni hii: kama kuna dalili za mgandamizo mkubwa kichwani, au upande mmoja umelegea, picha ya CT itangulie.

Sampuli ichukuliwe na itunzwe vipi?

Makosa hutokea hapa kuliko mahali pengine, na sampuli ikiharibika ni vigumu kuipata tena.

Kabla ya kuingiza sindano, andaa chupa nne na uziandike majina. Moja ya protini na sukari, moja ya kuhesabu seli, moja ya bakteria na kifua kikuu, na ya nne mililita 1 hadi 2 ya kingamwili. Watu huisahau hiyo ya nne, kisha mgonjwa hutobolewa mara ya pili. Sukari ya damu ipimwe saa hiyohiyo, la sivyo sukari ya maji ya mgongo haina cha kulinganishwa nayo. Seli zihesabiwe ndani ya saa moja. Zikikaa kwenye benchi zinapasuka, na jibu litasema seli ni chache kumbe zilikuwa nyingi. Zaidi ya seli nyeupe 5 kwa milimita moja ya ujazo si kawaida.

Kingamwili zenyewe ni ngumu kufa. Zinavumilia jokofu la nyuzi 2 hadi 8 kwa siku kadhaa, hivyo safari ya basi au treni kwenda Dar es Salaam ndani ya boksi lenye barafu haiziui. Zisichostahimili vizuri ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Kipimo chenyewe kwa kawaida hufanyika kwenye maabara chache, na sampuli nyingi huvuka mipaka, kwa hiyo panga usafirishaji kabla ya kutoa.

Peleka maji ya mgongo pamoja na damu. Katika utafiti wa wagonjwa 250 wa NMDA, maji ya mgongo yaliwagundua wote. Damu peke yake iliwakosa takriban 14%. Na damu ichukuliwe kabla ya dawa ya imunoglobulini, kwa sababu dawa hiyo ni kingamwili za maelfu ya wachangiaji na inaweza kuleta jibu la uongo.

MRI imetoka safi. Basi tumekosea?

La. Nusu au zaidi ya wagonjwa wa NMDA wana MRI ya kawaida mwanzoni, na sababu imeshaelezwa juu: milango imepungua, nyumba haijabomoka, na MRI hupiga picha ya nyumba. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, hupima mazungumzo yenyewe, ndiyo maana huonyesha kasoro kwa wagonjwa walio wengi. Pia kinasaidia kujua kama anayeonekana amelala ana degedege za ndani kwa ndani.

Jibu la kingamwili linachelewa wiki kadhaa. Tusubiri?

Hapana. Vigezo vya kimataifa vya 2016 vinaruhusu kuanza matibabu kwa dalili pamoja na vipimo vya kawaida: mabadiliko ya kumbukumbu, fahamu au akili yaliyokuja ndani ya miezi 3, angalau kimoja kati ya degedege mpya, kasoro mpya ya neva, seli nyeupe kwenye maji ya mgongo au MRI yenye dalili za ensefalitisi, na magonjwa mengine yameondolewa kwa kadiri inayowezekana.

Matibabu ni yapi, na kwa kiasi gani?

Hatua ya kwanza ni methiliprednisoloni gramu 1 kwa siku, kwa dripu ya karibu saa moja, siku 3 hadi 5. Kwa mtoto ni miligramu 30 kwa kilo bila kuzidi gramu 1. Mtoto wa kilo 15 atapata miligramu 450. Hii ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi. Kabla yake pima sukari na presha, hakikisha kifua kikuu kimetafutwa, na fikiria ivamektini dhidi ya minyoo ya strongiloidi, ambayo chini ya steroidi huweza kusambaa mwili mzima na kuua.

Imunoglobulini ni gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, siku 5. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 24 kwa siku, jumla gramu 120. Ni ghali, na familia iambiwe kiasi chote tangu mwanzo ili ijipange na bima, badala ya kununua chupa mbili na kuishia njiani. Kubadilisha plazma, yaani maji ya damu yanayobeba kingamwili, hufanywa mara 5 hadi 7, siku moja baada ya nyingine. Usibadilishe plazma mara tu baada ya imunoglobulini, utaimwaga dawa uliyoinunua.

Kwa mwanamke, pima ovari kwa ultrasaundi au MRI. Teratoma ikiwepo itolewe; bila hivyo kiwanda kinaendelea kuzalisha huku ninyi mnachota bidhaa.

Takriban nusu ya wagonjwa wa NMDA hupata nafuu ndani ya wiki 4 za hatua hiyo. Wasiopata hupewa dawa nzito zaidi za kuzuia kinga, rituksimabu au siklofosfamidi. Kabla ya rituksimabu pima homa ya ini aina B, kwa maana virusi vilivyolala huweza kuamka na kuliharibu ini.

Kwa nini kupona ni polepole hivyo, kama milango hurudi kwa siku chache?

Kwa sababu kingamwili haziishi kwa siku chache. IgG, aina kuu ya kingamwili, iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa takriban wiki 3. Zaidi ya hapo, chembe za plazma zilizojenga makazi ndani ya ubongo huendelea kuzitengeneza palepale. Kubadilisha plazma hakuzifikii, na rituksimabu haizishiki kwa kuwa hazina CD20, alama ambayo dawa hiyo huilenga. Inachokata ni mama zao. Inabidi zile za zamani zife zenyewe.

Katika utafiti wa 2013 wa wagonjwa zaidi ya 500 wa NMDA, takriban 80% walifikia hali nzuri ndani ya miezi 24. Miezi 24, si wiki 4. Ndiyo maana inauma sana kuona mashine ya kupumulia au lishe ya mpira ikikatwa wiki ya sita kwa kudhani hakuna tumaini.

Je, ugonjwa wa kutikisa kichwa wa Mahenge ni wa aina hii?

Bado linajadiliwa. Ugonjwa huo wa watoto ulielezwa Mahenge, mkoani Morogoro, na daktari Louise Jilek-Aall miaka ya 1960. Mwaka 2017 watafiti walikuta kwa baadhi ya wagonjwa kingamwili dhidi ya protini iitwayo leiomodini-1, inayofanana kiasi na protini za mnyoo wa usubi. Ni wazo lenye uzito, lakini halijathibitishwa kuwa ndiyo sababu.

Nyumbani baada ya kuruhusiwa tuangalie nini?

Dalili huondoka kwa mpangilio wa kinyume: pumzi na presha hutulia kwanza, maneno hurudi baadaye, na tabia pamoja na uwezo wa kupanga mambo huja mwisho. Kijana anaweza kutembea na kula vizuri huku bado hawezi kufuata somo la dakika 40. Aanze shule kwa nusu siku, na mwalimu aambiwe. Wengine hulala sana, hula kupita kiasi, au hukasirika upesi kwa miezi. Ni sehemu ya ugonjwa, si utovu wa adabu.

Steroidi za vidonge zisikatwe ghafla. Dawa za kifafa zipunguzwe na daktari tu.

Takriban 12% ugonjwa hurudi ndani ya miaka 2. Kurudi huanza kwa jambo dogo: usiku mbili tatu bila usingizi, maneno kukwama, hofu ile ya kwanza. Tunza kwenye bahasha moja karatasi ya kuruhusiwa yenye jina la kingamwili iliyokutwa, tarehe na kiasi cha kila dawa, jibu la ultrasaundi ya ovari, na dawa zilizomdhuru. Usiku wa dharura, daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona ataanzia kwenye bahasha hiyo.